Nuru Iliyo Pazia

Watu wamezoea kusema kuwa nuru hudhihirisha na giza huficha. Usemi huu ni kweli katika mambo mengi, lakini si katika yote. Mbinguni mna mawingu ya gesi na vumbi yang'aayo kwa uzuri wa ajabu, na ndani yake nyota changa huzaliwa. Atazamaye kwa jicho huona mng'ao wa wingu, lakini nyota nyingi zilizomo humpotea. Vumbi laini kama moshi huzuia mwanga wake, na uzuri wa wingu humridhisha mtazamaji hata asiulize zaidi. Basi nuru nayo huweza kuwa pazia.

Swali letu ni hili: mtu ana haki gani ya kusema "hakuna" juu ya kitu asichokiona?

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la rangi zake. Alipoweka kipimajoto kando ya wekundu, mahali pasipo rangi yoyote, joto lilizidi. Palipodhaniwa kuwa patupu palikuwa na miale. Miale hiyo huitwa infraredi. Mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga wa kawaida, kwa hiyo hupenya vumbi ambalo mwanga huo hushindwa kulipenya. Mwaka 1967, huko Marekani, Eric Becklin na Gerry Neugebauer walitangaza habari za kitu king'aacho sana kwa infraredi katika nebula ya Orion. Wingu hilo lilikuwa limetazamwa kwa darubini zaidi ya miaka 300, na nyota hiyo changa haikuwa imeonwa na mtu. Tena, nguzo za vumbi katika nebula ya Tai, zilizoonekana nzito kama miamba katika picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995, zilikuwa kama ukungu katika picha ya infraredi ya James Webb ya mwaka 2022, na nyota tele zikajitokeza.

Yamkini msomaji atapinga kuwa picha hizi ni za uongo, maana jicho haliioni infraredi, na rangi zake zimetiwa na watu. Hoja hii ina uzito, lakini mfasiri naye hubadili maneno yote ya msemaji, wala hatumwiti mwongo maadamu ameihifadhi maana. Katika picha hizi mawimbi marefu hupewa wekundu na mafupi hupewa buluu. Mpango wake huhifadhiwa.

Hata hivyo, anayesema "ipo" ana wajibu sawa na anayesema "hakuna". Si kila nukta nyekundu ni nyota changa. Nyota kongwe iliyojifunika vumbi lake, au galaksi ya mbali, huweza kufanana nayo. Mtafutaji mwaminifu hupima mawimbi mbalimbali kabla ya kutoa hukumu.

Sisi tufundishao na kutahini tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Mtihani ni darubini ya namna moja. Huwaonyesha wang'aao kwa mwanga wake, na aliye nyuma yao huandikiwa kuwa hana kitu. Hukumu hiyo huweza kufunga mlango wa maisha ya mtu. Kabla ya kuiandika, haki yatudai tujiulize tumemtazama kwa miale gani.