Mimi, Mwenye na Mwenyewe: Nafsi ya Advaita katika Nchi ya Chai

Makala haya yanachunguza neno moja la Kiswahili kwa nia ya kujibu swali la maadili: je, ni haki kumwambia mtu asiye na kitu kwamba "mimi" yake ni uongo? Swali hili huzuka tunapojaribu kueleza kwa lugha yetu Advaita, yaani falsafa ya Kihindi inayokana uwili. Shankara, mfafanuzi wake mashuhuri wa karne ya 8, alitenganisha ahamkara, kile kinachojenga umimi ndani ya mtu, na atman, Nafsi ya kweli, ambayo kwake haitofautiani na Brahman, uhalisi usiogawanyika.

Kiswahili hakikosi nyenzo za mjadala huu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausuta moyo wake kwa kuhadaika na dunia. Msutaji na msutwa ni mtu mmoja. Mfuasi wa Advaita angeuliza: ni nani basi anayeuona moyo huo? Kwake yeye, kila kinachoonekana, uwe mwili, wazo au moyo, si yule aonaye. Vivyo hivyo tusemapo "najijua", kiambishi -ji- chataja kinachojuliwa. Ajuaye amekwisha kutuponyoka.

Hata hivyo, neno lenye uzito zaidi ni "mwenyewe". "Mimi mwenyewe" ni nafsi yangu; "mwenyewe hayupo" ni mwenye mali hayupo. Lugha imetia nafsi na umiliki katika chombo kimoja. Shankara naye, katika utangulizi wa sherehe yake ya Brahma Sutra, aliona kwamba "mimi ni hiki" na "hiki ni changu" ni matawi ya kosa moja: kuibandika Nafsi sifa zisizo zake.

Tulipeleke neno hili Kericho na Bomet. Huko "mwenyewe ni nani?" si fumbo la wanafalsafa. Serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Wakipsigis, na kwa sheria ya mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishiwa Gwassi. Mashamba ya Brooke Bond baadaye yakawa ya Unilever, kisha yakauzwa tena. Wenyewe walibadilika, mchumaji alibaki na kikapu mgongoni, akilipwa kwa kilo. Kumwambia huyu asidai chochote kwa kuwa umimi ni kivuli ni kumgeuza Shankara kuwa mnyapara. Wala hofu hii si ya kubuni: Shankara huyo huyo, aliyefundisha Nafsi moja, hakuwaruhusu Washudra kusoma Veda.

Je, tuitupe falsafa hii? La. Kosa liko katika kuitumia nusu. Iwapo "mimi" na "changu" ni kosa moja, basi hati ya shamba ni kibandiko sawa na namba ya kibarua, na anayeambiwa abandue cha kwake ana haki ya kuuliza kama mwenzake ameambiwa pia. Aidha, kuutua umimi ni tofauti na kunyang'anywa. La kwanza mtu hulitenda kwa hiari. La pili hutendewa. Hakuna atuaye mzigo ambao hakuwahi kuruhusiwa kuushika.

Kericho yenyewe inatupa mfano. Gurudwara ya mji huo inahusishwa na Puran Singh, aliyeishi huko kabla ya kuhamia Uingereza, akafariki mwaka 1983. Masingasinga si wafuasi wa Advaita, lakini nao huuona umimi, wanaouita haumai, kuwa maradhi. Sehemu ya dawa yake ni langar: chakula cha bure kwa yeyote aingiaye, tajiri na kibarua wakiketi chini safu moja. Hapo mwenye nacho hutakiwa kuutua umimi wake kwa vitendo, naye asiye nacho hashushwi.

Kwa hiyo, tukiifasiri atman kuwa "mimi mwenyewe", hatuna budi kusema wazi kwamba huyu ni mwenyewe asiye mwenye. Na fundisho la kuuvua umimi lianze kuhubiriwa kwa mwenye shamba. Mchumaji aachwe kwanza aseme "mimi", asikike.