Binti akikesha na mahututi, tumuunge mkono



Ndugu Waislamu, hivi karibuni alinijia mama mmoja baada ya swala ya Alasiri. Binti yake nilimsomesha Maarifa ya Uislamu sekondari, na sasa ni nesi nchini Marekani. "Ustadh," aliniambia, "huyu mwanafunzi wako kanishinda. Kapata kazi kliniki, anaingia asubuhi anatoka jioni, kaikataa. Anataka wodi ya mahututi, tena zamu za usiku! Wewe anakusikiliza. Mwambie."

Nilimpigia simu binti. Akanieleza kuwa anataka kusomea usingizi, yaani awe muuguzi anayempa mgonjwa dawa za usingizi na kumlinda muda wote anapopasuliwa. Huko Marekani, mwenye kuomba nafasi katika shule hizo hana budi awe amewauguza wagonjwa mahututi kwa angalau mwaka mmoja. Kazi ya kliniki haihesabiwi.

Sikumwambia alichotaka mama yake. Naeleza hapa kwa nini, maana jambo hili halimhusu binti mmoja tu.

Katika Surat Az-Zumar, aya ya 42, Allah (SW) anatukumbusha kuwa Yeye huzichukua roho wakati wa mauti, na pia za wale waliolala. Akaizuia aliyoihukumia kifo na kuirudisha nyingine mpaka muda wake. Ikiwa usingizi wa kitandani kwetu ni jambo zito kiasi hicho, vipi usingizi wa chumba cha upasuaji? Mgonjwa anaitwa haitiki, anakatwa hasikii. Akipewa na dawa ya kulegeza misuli, hata kupumua hawezi mpaka apumuliwe. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kuharibika, naye hana uwezo wa kusema "nabanwa". Mwenye kumsemea ni yule aliyekaa kichwani pake.

Hiyo ndiyo amana. Na Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amefundisha kuwa mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya tiba atabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Nia njema peke yake haitoshi.

Sasa, kwa nini wodi ya mahututi? Kwa sababu huko nesi hukabidhiwa mgonjwa mmoja au wawili tu, akae nao. Anajifunza mashine ya kupumulia. Anafuatilia shinikizo la damu kupitia mrija uliomo ndani ya mshipa, na kupunguza au kuongeza dawa inayolipandisha, tone kwa tone. Anazoea kuona mabadiliko madogo ya rangi na ya pumzi kabla kengele ya mashine haijalia. Haya ndiyo atakayoyahitaji siku atakapokaa kichwani pa aliyelazwa usingizi.

Tutazame mafunzo ya Mitume. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba hakuna Mtume aliyetumwa ila alichunga kondoo na mbuzi, na Mtume wetu (SAW) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka. Nabii Musa (AS) alikaa Madyan akitumikia mkataba wa miaka minane, au kumi akipenda, kabla ya kutumwa kwa Firauni. Na katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti aliyempendekeza kazini alimtaja kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu ya muuguzi ni ujuzi wake, na ujuzi huo haupatikani bila kuchunga.

Mama yule alikuwa na hoja ya usiku na ya utoto wa kike. Simlaumu, ni mzazi. Lakini Rufaida al-Aslamiyya (RA) alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume (SAW) akitibu majeruhi, na humo ndimo alimowekwa Sa'ad bin Muadh (RA) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq.

Aidha, tuwe wakweli. Ni mara ngapi tumetoka hospitali tukinung'unika kuwa wake zetu wamefunuliwa mbele ya wanaume? Hapa Tanzania, katika hospitali nyingi dawa ya usingizi hutolewa na wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo, kwa kuwa madaktari bingwa wa usingizi ni wachache. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua huinamishwa, mgongo wazi, achomwe sindano ya uti wa mgongo. Tungependa nani awe nyuma yake? Ikiwa kila nyumba itamzuia binti yake asikeshe, huyo tunayemtaka atatoka nyumba ya nani? Hii ni fardhi kifaya. Isipotekelezwa na yeyote, dhambi ni yetu sote.

Hata hivyo, binti naye nilimpa nasaha. Alikiri kuwa kazi hiyo ina mshahara mkubwa huko Marekani, akaogopa kwamba huenda nia yake imeingia doa. Nikamwambia kutafuta halali si dhambi, lakini ajipime hivi: usiku ambao mgonjwa wake hana matumaini ya kupona, na hakuna jipya la kujifunza kwake, je, atamgeuza, atamfuta mdomo, atamsitiri kama usiku wa kwanza? Mahututi si ngazi ya kupandia kwenda shule. Ni mja wa Allah, na ana haki yake hata kama mwaka wa masharti umekwisha.

Nilipomrudishia mama majibu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na swala ya Alfajiri, Ustadh?" Nikamwambia nilimuuliza. Huachiana na mwenzake dakika chache, mmoja akiangalia wagonjwa, mwingine akiswali.

"Basi," akasema, "nitampigia leo nimuombee dua."

Wabillahi tawfiq.