Nani Aliyewasha Moto?

Kila mwaka, mvua zinapokaribia, wakulima wa Ugogo husafisha mashamba yao kwa moto, wapate kupanda mtama na uwele. Mtu huchoma magugu yake, huona moto umefifia, naye huenda zake nyumbani. Je, ana hatia, ikiwa usiku upepo waja na kuupeleka moto ule hata ghala ya jirani yake?

Wengi watajibu upesi: Hana, kwani hakukusudia. Jibu hilo na tulipime kwa habari ya mji mmoja wa mbao.

Peshtigo, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, ulikuwa mji ulioishi kwa msitu. Palikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao, na kingine cha kutengenezea ndoo na vyombo vya mti. Nyumba zilikuwa za mbao, na unga wa mbao ulitapakaa kila mahali. Mwaka 1871 mvua zilikosekana. Hata hivyo wakulima waliendelea kuchoma visiki, na vibarua wa reli matawi waliyoyafyeka, kama ilivyokuwa desturi. Usiku wa Jumapili, Oktoba 8, upepo mkali uliviunganisha vimoto hivyo vikawa moto mmoja. Viwanda na mji wote viliteketea. Humo na katika vijiji vya jirani walikufa watu zaidi ya 1,000. Padre Pernin, paroko wao, aliokoka kwa kuingia mtoni pamoja na wengine, wakijimwagia maji vichwani.

Nani aliyewasha moto ule? Kila mmoja angeweza kusema: Wangu ulikuwa mdogo. Hivyo moto mkubwa ukakosa mwenyewe. Ndiyo hatari ya desturi: watu wengi hutenda kosa moja, na kila mmoja hujiona mwema. Lakini hatia si nyama ya arusi, hata ipungue kwa kugawiwa wengi.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, haimwulizi aliyewasha moto kama alikusudia. Yamtaka alipe nafaka iliyoungua. Asiyekusudia mabaya aweza kuwa na deni, maana aliujua ukavu na upepo, wala hakungoja.

Basi mkulima na afyeke kwanza njia ya kuzuia moto, awaite majirani, wala asiondoke mpaka majivu yamepoa. Ni kazi ya nusu siku tu. Ghala ya jirani ni chakula cha mwaka mzima.