Utumbo Haukimbizwi

Mwanangu, nimekuona ukimlisha mjukuu wangu uji huku jicho liko kwenye simu. Kijiko cha pili kinaingia cha kwanza hakijashuka. Hebu kaa kidogo.

Chakula hakifuati mwendo wako. Tumbo lina kilango chini yake. Hufunguka kidogo, hupitisha rojo kidogo, hujifunga. Rojo hilo ni kali, lina asidi. Likiingia utumbo mwembamba, kongosho humwaga maji yake ya kupoza asidi, na vimeng'enya vya kuvunja wanga, protini na mafuta. Nyongo nayo hushuka. Kazi yake kwa mafuta ni ile ya sabuni kwenye sufuria ya pilau: huyatawanya yakawa matone madogo, ndipo vimeng'enya viyamudu. Kisha ni safari ya saa kadhaa, na kwa mtu mzima utumbo huo hufika hata mita 6. Ukutani mwake mmejaa vinyama vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyofyonza.

Wazazi wa enzi zetu hatukuyajua haya. Mtoto akiharisha tulimnyima maji, eti yanamzidishia. Mdogo wako nilimnyima hivyo hivyo. Midomo ikakauka, macho yakaingia ndani, akawa analia bila machozi. Alipona, lakini si kwa akili yangu. Mama yako alikuwa akimnyonyesha usiku kwa siri. (Aliniambia haya wewe ukiwa umekwisha kuanza shule.)

Ningejua utumbo ulivyo! Hata ukivurugwa na kipindupindu, kuna kazi hauiachi: sukari na chumvi zikifika pamoja, huzipitisha pamoja, na maji hufuata. Ndiyo siri ya ile dawa ya pakiti apewayo anayeharisha.

Basi mtoto akiharisha, usimkatize ziwa wala chakula. Koroga pakiti kama ilivyoandikwa. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, usivirundike. Chumvi ikizidi ni hatari. Akilegea, au ukiona damu, mpeleke zahanati mara moja.

Na simu uiweke mbali. Mpe kijiko, ngoja, mpe kingine. Akitapika, subiri dakika 10, halafu uanze tena, polepole kuliko mwanzo.