Saa ya Anasa na Heshima ya Wakati

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Saa ya mkononi isiyopenyeza maji nayo imeundwa, na mafundi wake wanastahili sifa. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ya Uswisi ilitoa saa iitwayo Oyster. Mfuniko wake wa nyuma, pete ya kioo na kidude cha kutilia majira vilikazwa kwa hesi, maji na vumbi visipate upenyo. Mwaka 1927 mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliivaa shingoni katika mlango wa bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa. Baada ya saa zaidi ya kumi baridi ilimshinda, akatolewa majini. Saa ilikuwa ingali inatembea.

Je, anunuaye saa ya namna hiyo kwa fedha nyingi hununua nini? Bila shaka hununua ustadi. Lakini je, hununua na wakati?

Natuzitazame Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Kwa kuwa ziko mbali magharibi, jua huzifikia zaidi ya nusu saa baada ya kuifikia Dar es Salaam. Hata hivyo, saa za pande zote hizo husomeka sawa. Kiswahili huhesabu saa tangu kucha. Lakini inapotimia saa moja asubuhi, mwanafunzi wa Kasulu huliona jua ndiyo kwanza linachomoza, naye amekwisha kushika njia gizani. Saa, basi, ni mapatano. Watu wa huko wameridhia kulitangulia jua ili taifa zima liwe na saa moja.

Atakuwapo wa kusema kwamba mapatano hayawezekani bila chombo cha kuaminika. Ni kweli. Lakini saa ya bei ndogo iliyorekebishwa vyema hutimiza mapatano hayo sawasawa na ile ya dhahabu. Mkubwa avaaye saa ya anasa, aliyewaita wazazi mkutanoni saa tatu naye akafika saa sita, amewanyang'anya wakulima asubuhi yao, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Mpira uzuiao maji ndani ya saa huchakaa, ndiyo maana saa hupimwa tena na tena. Nasi, walimu kwa wanafunzi, tujipime vivyo hivyo: ahadi ni deni, na deni la wakati hulipwa kwa kufika.