Tumtolee Ushahidi Nani Atokapo Gerezani?



Kila mwaka watu hutoka magerezani wakarudi mitaani mwetu. Maofisa wa probesheni huja kuwauliza jamaa na majirani: mtu huyu amebadilika? Mtampokea? Nasi mara nyingi hujibu kwa moja ya majibu mawili. Wengine husema kuwa mwizi hafi na wizi wake, ila wizi wake hufa naye, wakamfungia mlango. Wengine, wakisikia tu kwamba alikuwa akisali jamaa huko gerezani na ulimi wake umelainika, humtolea ushahidi mwema papo hapo. Twaona kuwa majibu yote mawili yaweza kumdhulumu mtu: la kwanza humdhulumu aliyetubia, na la pili humdhulumu jirani atakayedhurika kesho.

Wajuzi wa elimu ya nafsi wameichunguza tabia moja ambayo yatupasa tuijue, nayo huitwa saikopathi. Daktari Hervey Cleckley wa Marekani aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1941. Baadaye Robert Hare wa Kanada aliitungia mizani, akaisahihisha mwaka 1991. Mizani hiyo ina sifa 20, miongoni mwazo ulimi mtamu, kujikuza, uongo, kuwatumia watu, kutojuta na kukataa lawama. Kila sifa hupewa alama 0, 1 au 2, na kwa desturi mwenye kufika 30 katika 40 ndiye huhesabiwa kuwa na tabia hiyo.

Mtu huyu si mwendawazimu. Akili yake ni timamu, ajua halali na haramu, na sharia yamlazimu. Lililopungua kwake ni ule uchungu aupatao mwenziwe amwonapo mtu aliyemdhuru akilia. Hare alikadiria kuwa hao ni kama 1 katika 100 miongoni mwa watu wote, na katika magereza ya Amerika ya Kaskazini yapata 15 mpaka 25 katika 100. Basi hata huko wafungwa walio wengi si wa namna hii.

Qur'ani Tukufu imetutanabahisha juu ya ulimi mtamu. Katika Suratul Baqara, aya ya 204 na ya 205, ametajwa mtu ambaye maneno yake hupendeza na humshuhudiza Mwenyezi Mungu kwa yaliyomo moyoni mwake, kisha akipa mgongo huenda akafanya uharibifu. Aya hizo hazikuja kueleza elimu ya madaktari, lakini zatufunza kuwa maneno peke yake si mizani.

Na yaliyotokea Kanada ni ushahidi wa hayo. Katika miaka ya 1960 na 1970, kwenye hospitali ya ulinzi mkali ya Oak Ridge, jimboni Ontario, wahalifu waliwekwa pamoja watibiane wao kwa wao kwa mazungumzo, hata saa 80 kwa wiki. Baadhi ya njia zilizotumika, kama madawa ya kuvuruga akili, zilikuwa mbaya. Matokeo yalichapwa mwaka 1992. Miongoni mwa wasio na saikopathi, waliopitia mpango ule waliorudia ujeuri walikuwa 22 katika 100, na wasioupitia 39. Ama wenye saikopathi, mambo yaligeuka: waliopitia 77, wasiopitia 55! Wachunguzi walidhani kuwa watu hawa walijifunza kuzisoma nyoyo za wenzao, kisha wakaitumia elimu hiyo kuwadhuru.

Je, tukate tamaa? Hasha! Mwaka 1995, mjini Madison katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, kilifunguliwa kituo cha Mendota kwa vijana walioshindikana katika magereza ya watoto. Pale mwenendo wa kijana hupimwa kila siku, na akitengenea huona faida yake upesi. Katika uchunguzi uliochapwa katika miaka ya 2000, vijana wa kundi jingine waliolinganishwa nao waliua watu 16 baada ya kutoka; wa Mendota hawakuua hata mmoja. Waliowahiwa wangali vijana, wakapimwa kwa vitendo, ujeuri wao ulipungua.

Dini yetu ilishatufunza njia hii. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, yule aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, hakufungiwa mlango wa toba. Lakini mwanachuoni alimwamrisha auhame mji wake mbaya, aende kwa watu wema wamwabuduo Mungu. Alipewa matumaini, na alipewa kazi ya kufanya. Na imesimuliwa kuwa mtu mmoja alipomsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), aliulizwa: je, wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umeamiliana naye kwa fedha? Alipokana yote, Sayyidna Umar alimwambia kwamba basi hamjui. Labda amemwona msikitini tu.

Kwa hivyo twanasihi haya. Tusimwite mtu saikopathi barazani. Mizani ile ni ya wajuzi, na kumpachika mtu jina ni dhuluma. Tukiulizwa habari zake, tuseme tulijualo tu. Wanavyuoni wameshurutisha katika toba kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorejea, na kurudisha haki ya mja. Majuto yamo moyoni na hatuyaoni, lakini haki iliyorudishwa twaiona. Basi tuuulize huo urejeshaji. Wanaodarisisha magerezani wasitosheke na sura zilizohifadhiwa. Waangalie vipi mwanafunzi humtendea aliye dhaifu kuliko yeye. Na atokapo tumpe salamu, kazi na wenzi wema, lakini mali ya mayatima na malezi ya watoto tusimkabidhi mpaka siku zimshuhudie.

Kukubali toba ni kwa Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani. Sisi tumepewa amana ya ushahidi, nao tutaulizwa. Mola azilainishe nyoyo zilizosusuwaa, awalinde wanyonge wetu, na atuongoze tuseme kweli. Amin.