Refa Hakuona, Lakini Kipa Anajua

Somo la juma: Mambo ya Walawi 5:1, Mithali 18:17, Mithali 20:10



Juma hili nataka tufikirie pamoja swali moja. Mtu akipewa kitu kisicho chake kwa sababu mwamuzi hakuona, na yeye mwenyewe anajua, je, kunyamaza kwake ni dhambi? Hajasema uongo. Hakuna aliyemwuliza. Amekaa kimya tu.

Tarehe 27 Juni 2010, wengi wenu mtakumbuka, Uingereza ilicheza na Ujerumani mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, katika Kombe la Dunia. Ujerumani ikiwa mbele 2-1, Frank Lampard akapiga shuti, mpira ukagonga mwamba, ukadunda ndani ya goli, ukatoka nje tena. Kila aliyekuwa mbele ya televisheni aliona. Refa Jorge Larrionda wa Uruguay hakuona, na mshika kibendera wake hakuona. Kipa Manuel Neuer aliudaka ule mpira akauanzisha mbele haraka kana kwamba hakuna lililotokea. Mechi ikaisha 4-1. Baadaye Neuer alieleza mwenyewe kwamba alijua mpira umevuka, na kwamba ile haraka yake ndiyo iliyomfanya refa adhani haukuvuka.

Kwa nini naleta habari ya Bloemfontein hapa Pap Onditi? Kwa sababu Bloemfontein imetufikia. Mnajua ninachozungumzia. Vijana wetu walicheza na vijana wa ng'ambo ya barabara, tukiwa mbele bao moja kwa bila, dakika za mwisho. Shuti likaja, kipa wetu akarudi nyuma, akaudaka mpira kifuani, akaanguka nao. Wale wakapiga kelele, "Goli!" Wetu wakajibu, "Amedaka nje!" Refa, ambaye ni kijana anayeabudu pamoja nasi, akapunga mkono mchezo uendelee. Tukashinda.

Mimi nilikuwa nimesimama usawa wa katikati ya uwanja, na kutoka pale huwezi kuona laini ya goli. Kwa hiyo sisemi lilikuwa goli, wala sisemi halikuwa. Lakini nimeshangaa jinsi walioona walivyo wengi. Aliyekuwa akinunua mahindi ya kuchoma aliona. Mwingine ambaye jioni ile alikuwa bado sokoni Katito, naye aliona! Na cha ajabu ni kwamba kila mmoja aliona kulingana na jezi anayoipenda.

Sheria yenyewe si ngumu. Goli ni mpira wote kuvuka laini yote, kati ya milingoti na chini ya mwamba. Miguu ya kipa haihesabiwi. Anaweza kusimama ndani ya goli lake kabisa, akanyoosha mikono akaudaka mpira juu ya laini, na hilo si goli. Anaweza pia kuwa na miguu nje, mikono yake ikaupeleka mpira ndani, na hilo ni goli. Sheria hiyo hiyo inasema uamuzi wa refa kuhusu yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama goli limeingia au la, ni wa mwisho. Hapo ndipo wengi wetu husema: basi, imekwisha, refa ameamua.

Mechi kweli imekwisha. Lakini tutofautishe vitu viwili ambavyo tumezoea kuvifunga pamoja: uamuzi na ukweli. Uamuzi ni wa refa, na tunautii hata kama haukutupendeza, la sivyo hakuna mchezo utakaofika dakika ya 90. Ukweli si mali ya refa. Mpira ulivuka au haukuvuka kabla firimbi haijafika mdomoni mwake. Refa anaweza kumaliza mechi; hawezi kulifanya lililotokea liwe halikutokea.

Tuanze na sisi mashabiki, kwa sababu ndio wengi. Kila mama hapa anaijua gorogoro. Anajua pia ile hila ya mfanyabiashara mwenye gorogoro mbili: ya kununulia mahindi yako ni nzima, na ya kukuuzia imebonyezwa chini. Mithali 20:10 inafundisha kwamba Bwana anachukizwa na vipimo vya namna mbili. Tunadhani neno hilo ni la sokoni peke yake. Lakini mtu anayesema "refa ameona vizuri" timu yake ikipendelewa, na "refa amehongwa" timu yake ikiumizwa, huyo naye anatembea na gorogoro mbili, na zote ziko mdomoni.

Wengi wetu ni wa K'Ogalo tangu tuzaliwe, kwa hiyo tuseme bila kuficha. Machi 2012, Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards jijini Nairobi, mchezaji wetu alipewa kadi nyekundu kwa rafu. Fujo ikazuka, viti vikavunjwa, mchezo ukasimama zaidi ya dakika 20. Jiulize ndugu yangu: rafu ile ile ingechezwa na mtu wa Ingwe juu ya mtu wetu, tungeiitaje? Tungesema kadi nyekundu haitoshi! Mguu ni ule ule, nyasi ni zile zile. Kilichobadilika ni rangi ya jezi.

Hata tunapowapima wachezaji tunafanya hivyo. Mshambuliaji wetu akikosa, "leo hakuwa na bahati." Wao wakikosa, "hajui mpira huyo." Mwaka ule ule wa 2010, tarehe 2 Julai, Luis Suárez wa Uruguay alizuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia goli dakika ya mwisho kabisa. Kwao alikuwa shujaa. Afrika nzima tulimwita mwizi. Lakini tazama kwa makini. Suárez alivunja sheria mbele ya macho ya watu wote, akaonekana, akapewa kadi nyekundu, Ghana ikapata penalti. Alikosa, na akalipa palepale. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba. Tulimlaumu sana Gyan siku ile. Wachache wanakumbuka kwamba dakika chache baadaye, katika penalti za kuamua mshindi, huyo huyo Gyan alijitokeza kupiga ya kwanza ya Ghana, akafunga. Omera, kama huo si moyo wa kiume, sijui moyo wa kiume ni upi. Anayempima mtu kwa tukio moja, tena akiwa na hasira, hajampima bado.

Sasa turudi kwa anayejua. Nimeyasikia maneno ya kumtetea kipa anayenyamaza, na mengine yana uzito.

La kwanza: mchezaji hufundishwa kucheza mpaka firimbi ilie. Hilo ni kweli. Mpira ukiwa unaenda, mikono hukimbia kuliko dhamiri, na sidhani Mungu anamhukumu kipa kwa nusu sekunde ile. Lakini nusu sekunde si wiki tatu. Baada ya firimbi mtu huvua glavu, huoga, hula, hulala. Kinachofuata hapo si mazoea ya mikono tena. Ni uamuzi wa moyo.

La pili: akisema, atakuwa amewasaliti wenzake kumi na kijiji kizima. Hili ndilo zito zaidi, maana sisi ni watu wa undugu. Lakini undugu unaodai ninyamazie jambo la haki, huo umeanza kunidai nafsi yangu. Kutoka 23:2 inatuonya tusiwafuate watu wengi tunapojua wanaelekea kubaya, na haisemi isipokuwa kama hao wengi ni wa kwenu.

La tatu: refa hakumwuliza. Hapa ndipo somo letu linapogusa. Walawi 5:1 inasema juu ya shahidi: mtu aliyeona au anayejua, ushahidi unapotakiwa, naye asiseme, atauchukua uovu wake. Neno kubwa hapo ni "unapotakiwa." Je, unatakiwa? Nasema ndiyo, na nitawaonyesha kwa nini.

Neno limeanza kutembea kwamba refa wetu alikula kitu kidogo. Kijana huyu ni mwendeshaji wa boda boda. Abiria wa ng'ambo ya barabara wameanza kumpita pale steji na kupanda pikipiki nyingine. Kwa hiyo hatuzungumzii tena goli. Tunazungumzia jina la mtu na unga wa watoto wake. Kosa la macho limeitwa rushwa, na yuko mtu mmoja ambaye huenda anaweza kusema, "Refa hakuhongwa, mimi ndiye niliyeuvuta mpira upesi, yeye hakuona."

Maana ukimya wa aina hii haukosi mtu wa kuubeba. Mwaka 1986 Maradona alifunga kwa mkono dhidi ya Uingereza huko Mexico. Refa alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia. Mkono ulikuwa wa Maradona, lakini lawama za refa asiyeona zimemfuata Bennaceur miaka na miaka. Anayeficha kosa lake halifuti. Analihamisha tu mgongoni kwa mwingine.

Je, kuna mchezaji aliyewahi kusema? Yuko. Tarehe 26 Septemba 2012, huko Italia, Miroslav Klose wa Lazio aliupeleka mpira golini kwa mkono dhidi ya Napoli, mwanzoni mwa mchezo. Refa akakubali goli. Klose akamwambia ukweli, goli likafutwa, na wachezaji wa Napoli wakampa mkono wa heshima. Unajua mechi iliishaje? Lazio walifungwa 3-0. Nimelileta hilo makusudi, maana tumezoea kuhubiri kwamba ukisema kweli utabarikiwa kabla jua halijatua. Wakati mwingine unasema kweli na unafungwa tatu. Zaburi 15 inamsifu mtu anayeshika neno lake hata likimletea hasara. Kweli ambayo tunaisema siku inapolipa tu ni biashara.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu.

Kwanza, tusimzingire kipa wetu. Ni kijana, na pengine mwenyewe hakuona mpira uko wapi akiwa chini. Kama hajui, aseme, "Sijui," hiyo nayo ni kweli. Kama anajua, aende kwa refa kwanza, wawili tu, kisha waone pamoja jinsi ya kulisafisha jina.

Pili, kila aliyetamka neno "hongo" bila kuona pesa ikitoka mfuko mmoja kwenda mwingine, alirudishe neno hilo mahali pale pale alipolitamkia. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Refa hajahojiwa. Amehukumiwa tu.

Tatu, kabla hujabishana, vua jezi kwanza. Jiulize: yangetokea haya haya, lakini upande wa pili, ningesema nini? Jibu likibadilika, nyamaza kwanza.

Nani hapa hajawahi kuitwa barazani kwa chifu juu ya mpaka wa shamba? Jiwe limesogea, mzee aliyelipanda amekufa, na aliyebaki akijua mahali pake ni jirani ambaye kusogea kwa jiwe kulimfaidi. Chifu hawezi kuona miaka thelathini nyuma. Ataamua kwa yale aliyosikia, na uamuzi utaandikwa, na mjane atakubali kwa sababu hana la kufanya. Siku kama hiyo hakuna kamera wala mshika kibendera. Kuna mtu mmoja anayejua na Mungu anayemtazama. Kijana tunayemfundisha leo kunyamaza kwa ajili ya bao moja ndiye tutakayemhitaji aseme siku ya jiwe.

Tuombe. Bwana, tupe kipimo kimoja, kwa walio wetu na wasio wetu. Ulinde jina la asiyeweza kujitetea. Na anayejua, umpe ujasiri wa kusema, hata kama kusema kutamgharimu. Katika jina la Yesu, amina.